Wadhamini wa Nyumba za Baba

Mbinga, Jumatatu

Kaka yangu Wilfred,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Makambako pamoja na wifi na watoto. Sisi hatujambo, mama anasumbuliwa na magoti, lakini bado ana nguvu za kugombana na kuku.

Juzi niliteremka Mbamba Bay kuitazama ile nyumba yetu. Wapangaji wameipaka rangi ya kijani, mbaya kweli. Nilikaa kibarazani nikala samaki, mbasa wa kuchoma, nikakumbuka siku tuliyopeleka mabati na baba. Ulivaa viatu vipya, ukakataa kuvivua, ukaingia navyo ziwani. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Nilikukumbuka mno, kaka.

Hukuwepo jioni ile ya sengu, ukoo mzima tukila pamoja, baba alipotangaza kwamba nyumba hiyo na ile ya Mbinga mjini anaziweka chini ya udhamini. Wakili alieleza kwamba hazitakuwa zake tena. Zitashikwa na wadhamini watatu kwa faida yetu na wajukuu, na anayemdai mmoja wetu hataweza kuzigusa. Baba alitumaini kodi ya serikali nayo itapotea njia. Alipoambiwa italipwa kama kawaida, alinuna hadi ugali ukapoa. Hata hivyo alisaini, na palepale tukachaguliwa shangazi Otilia, mzee Bernadi na mimi.

Sasa, lile ombi lako la kuziweka rehani ili benki isichukue malori yako. Tulikutana jana baada ya misa. Shangazi alisema wewe ni damu yetu, usaidiwe. Mzee Bernadi alikataa, akisema pango la nyumba hizo ndilo linalosomesha wajukuu. Ikabaki kauli yangu. Nimekataa, kaka.

Usidhani nina roho mbaya. Baba alipokuwa mgonjwa, kabla hajafariki, aliniambia jambo, akaniomba nisikueleze mpaka uje kuziomba nyumba. Alisema hajawahi kuweza kukunyima kitu tangu utoto wako, na alijua siku moja utazitaka naye atakupa. Ndiyo maana aliziondoa mikononi mwake angali mzima. Nikamwambia mimi kwako ni dhaifu kuliko yeye. Akasema anajua, kwamba nitalia kwanza, kisha nitakataa. Ndivyo ilivyokuwa.

Malori yakienda, wewe njoo nyumbani na wanao. Mama anawasalimu wote.

Mdogo wako akupendaye,
Gaudiosa