Ile Kaseti Nilitengeneza Mimi

Mjukuu wangu Kamau,

Nina miaka sabini na tisa. Nimezika ndugu zangu wote, na hata daktari aliyenikataza chumvi. Shosho yako, mke wangu, ni mzima, na mahindi tumevuna.

Unauliza kama kweli ile kaseti ya gemu niliinunua, vile mjomba wako Njoroge anasema. Njoroge ni mwongo! Nilitoa chipi kwa kompyuta iliyokufa, nikaijaza gemu pale cyber, kwa wale wa intaneti, nikaichomelea ndani ya ganda la kaseti ya zamani. Tukaiweka na Njoroge kwa mashine ya gemu, TV ikabaki nyeusi. Njoroge akacheka: "Ipulize, Mzee!" Njoroge na wenzake, wao ni kupuliza kaseti tu mpaka inajaa mate.

"Mimi sipulizi!" Nikaifungua, nikaona risasi ya kuchomelea imeshikanisha miguu miwili ya chipi. Nikaitenganisha na wembe, na gemu ikawaka.

Ya dukani ikikataa, unapuliza na kuomba Mungu. Yangu nilijua pa kufungulia, kwa sababu ni mimi nilifunga. Njoroge hajawahi kufunga kitu, atajuaje?

Muulize Mama Chebet, jirani yetu hapa Kapsoya. TV ilikuwa yake, na alisimama hapo akinitukana eti nimeiharibu, mpaka ikawaka.

Guka wako