Jino ya Mbele ya Munganga

Siku ya kwanza ya juma, 7 mwezi wa pili 1955
Nimeng'oa meno kumi na moja mbele ya saa sita. Mwanaume mumoja wa kuchunga ngombe, mukubwa sawa mulango, alifika na shavu imevimba. Siku ine alikuwa anapaka mukojo ya ngombe ku ufizi. Alipoona koleo akaita mama yake. Mama yake alikufa zamani, alisema mwenyewe. Mwingine alitembea siku tatu kutoka Walikale, na alipofika ku mulango wa dispanseri jino "ikapona". Nilimukamata kwa shati. Wajinga wote. Jino ikiharibika inatoka, mambo imeisha.
Yangu ya mbele, ya juu, inauma kidogo nikikunywa chai. Itapita.

Siku ya tatu, 9 mwezi wa pili
Haikupita. Inapiga kila mara moyo unapopiga. Rangi imeanza kugeuka kijivu. Nimeigonga na kijiko nikaona nyota.
Leo nimetazama koleo yangu, nikairudisha mu sanduku, nikafunga. Hapana, haiko woga. Munganga mwenye tundu mu kinywa, nani atamuheshimu? Wale wote niliowang'oa watapanga mustari kuja kucheka. Hii jino haitoki. Naandika hapa ili nisibadilishe neno.
Bibi yangu Veneranda ananitazama tu. Yeye iko na tundu pale pale mbele. Nilimung'oa mwenyewe mwaka tulioana, ilikuwa na usaha. Kazi safi, muzizi haikuvunjika. Tangu pale akicheka anafunika kinywa na mukono. Upuuzi wa wanawake.

Siku ya posho, ya sita ya juma, 12 mwezi wa pili
Homa. Ufizi imetoa kipele cha usaha. Nimejipiga sindano ya penisilini mu paja. Maumivu ikashuka, ikarudi na hasira.
Veneranda aliuliza kwa nini nisijing'oe sawa ninavyong'oaka wengine. Nikamufokea. Akaenda kupalilia viazi. Haelewi kitu.
Shofere wa kamyo, ile lori ya maziwa, anasema ku Kirotshe kunakujaka dokta wa meno kutoka Bukavu, siku ya pili, kila juma la pili. Eti anaponyesha jino bila kuitoa. Shofere ni mwongo, anajulikana mupaka Bweremana. Lakini nitashuka naye. Nimechoka.

Siku ya pili, 15 mwezi wa pili
Kirotshe. Dokta ni Muzungu kijana wa miwani na mikono ya musichana. Nilimuambia mimi pia munganga, apunguze maneno. Hakupunguza. Alinielezea polepole, sawa muntu anaeleza mutoto.
Eti jino haiko jiwe. Ndani iko na njia nyembamba, inashuka mupaka ku ncha ya muzizi, na mule munaishi mushipa. Wangu umekufa. Umeoza mule ndani, na uozo unatokea ku ncha, ndani ya mufupa. Usaha njo inatoka kule. Penisilini haifiki, sababu damu haipiti tena mu ile njia. Basi muntu anatoa mushipa, anasafisha njia, anaijaza, anaifunga. Jino inabaki imesimama mahali pake.
Miaka kumi na mbili ya hii kazi, hakuna muntu aliniambia. Nilimuchukia pale pale.
Alitoboa kwa nyuma ya jino na mashini ya kukanyaga kwa muguu. Usaha ikatoka na harufu ya panya aliyekufa, na maumivu ikaisha. Mara moja! Kisha akaingiza visindano vyembamba vyenye miba, akavuta vitu vyeusi. Ameacha tundu wazi, na pamba kidogo tu, ili usaha iendelee kutoka. Nisukutue na maji ya chumvi. Nirudi mara mbili tena.
Safari tatu kwa jino moja. Mimi ni dakika moja. Wazungu wako na wakati wa kutupa.

Siku ya tatu, 16 mwezi wa pili
Nimelala sawa mutoto.
Veneranda alitaka kujua wamenifanya nini. Nikamuchorea jino na makaa ku mulango wa jiko: hapa njia, hapa mushipa, hapa usaha. Alisikiliza vizuri, kuliko wale vijana ninaowafundisha. Kisha akauliza: "Na yangu, Papa Bahati? Ingepona vile?"
Nikasema yake ilikuwa ingine.
"Ingine namna gani?"
Nikatoka inje kutazama mbuzi. Hatuna mbuzi wengi wa kutazama, wawili tu, na walikuwa wamefungwa.

Siku ya tano, 18 mwezi wa pili
Maharagi inaingia mu tundu. Kinywa inanuka. Mama mumoja nilipomuinamia aligeuza uso. Muntu mwenye hajaosha meno tangu ubatizo anageuza uso mbele yangu!
Nimemaliza na ule kijana wa miwani. Kidonda haiachwi wazi, hiyo tulifundishwa mwaka wa kwanza. Mu kabati kuna unga wa simenti ya meno. Nimeuchanganya na mafuta ya karafuu, nikaziba mwenyewe mbele ya kioo. Imekaa muzuri. Kuliko kazi yake.

Siku ya Mungu, 20 mwezi wa pili
Mimi ni mupumbavu. Naandika na jicho moja, ingine imefungwa.
Ilianza jana saa tisa. Usaha iliendelea kuja na haikukuta mulango. Mulango niliuziba mimi. Asubui mudomo umefika ku pua, shavu ngumu sawa ubao, homa inanitetemesha. Nimeona watu wawili kufa na uso wa namna hii. Nilisema walichelewa kuja, wajinga.
Mvua imekata barabara. Hakuna kamyo. Nilijaribu kuchimba simenti mwenyewe, sindano ikateleza ikaingia mu mudomo. Veneranda akaninyanganya. Akaichemusha, hakuna mwenye alimuambia. Akanikalisha ku mulango, penye mwanga.
Nikasema ngoja. Akangoja.
Nikasema tena ngoja. Akangoja tena, sindano mu mukono. Maziwa ikachemuka ikamwagika mu moto, hakusonga.
Niliposema sasa, akachimba. Simenti ikatoka kipande kipande, nyuma yake usaha, mupaka ku shati. Nililia. Ndiyo, nililia kwa sauti, na watu walikuwa wanatoka misa.
Akanipangusa kidevu. Akasema: "Siku yangu nilisema ngoja pia."
Sikumbuki. Wote wanasemaka ngoja. Sijawahi kumusikiliza hata mumoja.

Siku ya kwanza, 21 mwezi wa pili
Uvimbe ya uso imeshuka. Watu walikuwa ku mulango wa dispanseri na mashavu yao imevimba. Niliwaambia koleo imevunjika.
Haikuvunjika.

Siku ya pili, 1 mwezi wa tatu
Kirotshe tena. Dokta aliona mabaki ya simenti akauliza ni kazi ya punda gani. Nikasema yangu. Alinikaripia mbele ya mwanamuke wa Shasha mwenye alikuwa anangoja na kapu ya samaki. Ule mama alicheka. Nilistahili.
Amesafisha njia tena, ameosha, ameweka dawa, amefunga yeye mwenyewe. Safari hii ilikuwa haki yake kufunga.
Mbele ya kutoka nilimuuliza juu ya muntu mumoja. Mwanamuke kijana. Jino ya mbele, usaha, haikutikisika. Akasema ile njo ya rahisi kuliko zote. Muzizi moja, njia imenyooka. Akauliza nani aliing'oa.
Nikasema sijui.
Mu kamyo nilikaa nyuma na mitungi ya maziwa. Nimewacheka watu wengi mu haya maisha. Wa kuchekwa alikuwa anashika koleo.

Siku ya pili, 15 mwezi wa tatu
Imeisha. Dokta alijaza njia na kijiti laini sawa mupira, mupaka ku ncha, juu yake simenti. Jino ni ya kijivu kidogo, lakini iko.
Nilifika nyumba saa kumi. Veneranda alikuwa anachambua maharagi inje. Akaniambia nifungue kinywa. Alitazama sana. Akaigusa na kidole, akaisukuma.
"Iko nguvu," akasema.
Nikamuambia yake pia ingepona. Nikamuambia nimeuliza, na kwamba ilikuwa ya rahisi.
Akarudia maharagi, mabaya huku, mazuri huku. Kisha, bila kuinua uso, akauliza kama ule dokta anatengenezaka meno ya kuweka mahali penye moja ilitoka.
Nikasema sijui. Sikuuliza.