Vichwa Viwili Kitini kwa Baba

Dada yangu mpendwa,

Kabla hujaketi, jua kwamba unasoma mwandiko wa daktari bingwa wa mtaa mzima. Shule niliitoka mbio, sikatai, lakini shahada zingegawiwa kwa akili, yule daktari wa kliniki angekuwa ananibebea mkoba. U hali gani lakini? Mafua yamekuachia? Bado unakoroma? Sisi huku tunapumua, ila Baba hayuko sawa, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unajua kifafa kilivyomwandama hata akimeza kile kidonge chake cha kulalia bila kukosa. Ulipoondoka tu, daktari akasema kidonge hicho peke yake kimezidiwa, kiongezewe mwenzake wa aina nyingine, visaidiane. Baba akanikabidhi mimi hiyo dawa mpya, maana yeye akishika mashine ya kunyolea husahau hata kula. Nikatembea kifua mbele kama waziri wa afya.

Shangazi alipopata habari alikuja, sauti mbele mwili nyuma. Akasema dawa mbili tumboni ni fahali wawili zizi moja, watapigana na nyasi zitakazoumia ni kaka yake. Nikamuuliza mbona yeye hushushia chai kwa soda na hajapasuka. Akaninunia mpaka jioni.

Basi, Dada, ikawa kila asubuhi Baba anayumba kama aliyelala ndani ya pipa la pombe. Ulimi mzito, macho yanacheza, na kila kitu anakiona kiwili. Siku moja mwalimu mstaafu alikaa kitini apunguzwe nywele. Baba akaona vichwa viwili, akachagua kimoja, na akachagua kile ambacho hakipo. Unyusi wa mzee wa watu ukaenda na mashine. Ningecheka hadi leo kama Baba naye angecheka.

Jioni ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwani degedege zilimwangusha palepale dukani, mbele ya wateja. Hapo ndipo nilipowaona binadamu, nikachefukwa. Fundi viatu wa jirani alikuja mbio na kiatu cha mteja, kinanuka panya aliyeoza, akamsukumia Baba puani eti anuse azinduke. Mwingine akataka kumpenyeza kitana menoni, kitana chenye nywele za watu! Nilimpiga kikumbo, nikamlaza Baba ubavu kama nesi alivyotufundisha. Na yule mteja aliyekuwa kitini, kichwa nusu msitu nusu uwanja, alijifuta bega kwa vidole viwili pale mate ya Baba yalipomgusa, akatema thu, akadai taulo jingine. Utadhani yeye alizaliwa mkavu! Kesho yake alikwenda kumaliziwa kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, na akawatangazia wote kwamba Baba asubuhi ni mlevi na jioni ana mashetani. Mtu ambaye Baba amemnyoa tangu harusi yake. Nikimwona hata leo, chakula hakishuki.

Baba akachukua ile dawa mpya, akaitumbukiza chooni. Akasema Shangazi aliona mbali, na heri aanguke na ugonjwa wake kuliko kuitwa mlevi kwa dawa ya watu. Nilimburuta mpaka kliniki, akakataa kuingia, akabaki kwenye benchi la nje.

Nikaingia peke yangu, nikawaka. Nilimwambia daktari dawa zake zimemharibu mzee wetu. Akaniuliza nilikuwa nikimpaje. Nikamjibu bila kigugumizi kwamba vitatu, kila asubuhi, baada ya chai. Si mgawa dawa alisema dirishani moja mara tatu? Na moja mara tatu ni tatu, hata mtoto wa chekechea anaijua.

Nesi akaweka kalamu chini. Daktari hakupandisha sauti. Alisema hiyo si hesabu ya ubaoni, ni kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Mimi nilikuwa namwaga siku nzima kwenye kikombe kimoja: asubuhi dawa inamlevya, ikifika jioni imekwisha nguvu, ugonjwa unakuta mlango wazi. Dawa hizo hazikuwahi kupigana, alisema, kwa sababu sijawahi kuziacha zifanye kazi pamoja. Akanipa nyingine ya aina ileile badala ya iliyotupwa, akanionya kwamba kukatisha dawa ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo, hata kumuua.

Nilipotoka, Baba aliniuliza daktari kasemaje. Nikasema amekiri kwamba wakati mwingine dawa hazipatani. Nilimsikia mwenyewe, Dada, mdomo wangu ukisema hivyo. Baba akatikisa kichwa, tukarudi. Sasa kiti cha duka amekifunika shuka, dawa mpya haigusi, na Shangazi anazunguka humu ndani kama aliyeshinda kesi.

Nimewatukana wenye viatu na wenye taulo, lakini kinyaa kinachonikaba sasa hakitoki kwao. Aliyemlevya Baba ni mimi. Barua hii haipelekwi posta mpaka nimsomee yeye kwanza, kuanzia juu mpaka hapa. Ikikufikia, ujue ameshasikia.

Wasalimie wote unaoishi nao, na ujifunike vizuri, mafua yasikurudie.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku