Jani Changa la Kangaga

Muleba, 14 Machi 1970

Kaka Damian,

Huku mvua zimeanza na kibanja chetu cha migomba kinapendeza. Dada Klaudia amejifungua mtoto wa kike. Habari njema zimeishia hapo.

Barua yako ya juzi imenikasirisha sana. Unasema jani la kangaga tulilokutumia huko chuoni lilikuwa changa, halina vumbi la kahawia mgongoni, kwa hiyo umeshindwa kujua ni la jenasi gani. Unatuita wazembe.

Basi sikiliza. Jani lile alilichuma Mama. Mimi nilikuwa kwenye shamba la ujamaa, naye hakutaka usubiri, akapanda peke yake kwenye mwamba wa chemchemi, makangaga yanakoota. Akateleza. Wenzangu waliacha majembe wakambeba kwa machela mpaka hospitali. Nyonga imevunjika, Damian. Jani lilikuwa bado mkononi, na hakuliachia mpaka nilipoapa kulituma.

"Usimwambie," alisema. "Ataacha masomo."

Nikanyamaza, nawe ukatuita wazembe!

Jana alinilazimisha nimsomee barua yako. Maneno makali niliyaruka, lakini hilo la vumbi nililisoma. Akasema, "Nipe mkongojo. Nitamtafutia lililokomaa."

Hawezi hata kujigeuza kitandani.

Nilitoka nje nikalia kwa hasira. Hatutakutumia jani jingine. Ukilitaka, panda meli uje ulichume mwenyewe, na ukifika, pitia kwanza kwa Mama umwambie kwamba ni wewe unayemtuma tena mwambani.

Ni mimi mdogo wako,
Kokugonza