Hukupaswa Kuulizwa Wewe

Mwanangu Karisa,

Mamako hataki nikuandikie. Anasema marehemu huombewa, haandikiwi. Lakini nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, na sijui njia nyingine ya kuyapanga mawazo yangu. Nakuandikia hadharani kwa sababu wako wazazi wengine ambao watoto wao wanacheza raga.

Unakumbuka kwamba sikuupenda mchezo huo. Niliwaona vijana wazima wakigaagaa matopeni, nikadhani ni ugomvi uliovalishwa sare. Wewe ndiye uliyenifundisha. Jioni moja ulivipanga vikombe na bilauri zote za nyumba juu ya meza, vinane huku na vinane kule, ukanionyesha skramu: jinsi watu wanane wanavyoinama, wakashikana, wakasukumana na wanane wa upande wa pili ili waupate mpira ulio miguuni mwao. Uligusa vikombe vitatu vya mbele.

"Hawa ndio wanaobeba uzito wote, Baba. Hawa hufundishwa hata namna ya kuweka shingo."

"Na wewe ni kikombe kipi?"

Ulicheka, ukachukua kijiko ukakiweka ukingoni mwa meza. "Mimi niko huku nje, kwenye mbio."

"Afadhali," mamako akasema. "Shingo yenyewe hiyo, hata kola ya shati inakupwaya."

"Mama nawe!"

Tulicheka sote watatu. Nyumba yetu ya Changamwe haijasikia kicheko cha namna ile tena.

Siku ya mchezo wenu na timu ya Likoni mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, nami nilisimama kando ya uwanja na mwavuli wangu. Katika kipindi cha pili mwenzenu wa safu ya mbele aliumia goti, akatolewa. Mwamuzi, Bwana Omondi, aliusimamisha mchezo akauliza kama mnaye mwingine aliyefundishwa nafasi ile. Sasa naijua sheria. Kama hayupo, skramu zinazofuata hazisukumwi. Wachezaji huinama na kushikana tu, na timu iliyoutia mpira huuchukua. Lakini kwetu jambo hilo limefanywa kuwa aibu. Mashabiki wa Likoni hawakungoja hata jibu.

"Skramu ya harusi hiyo!"

"Waleteeni maua!"

"Changamwe, bibi harusi ni yupi?"

Wenzako walitazama chini. Wewe ukainua mkono.

"Mimi nimefundishwa, refa."

"Una hakika?"

"Haki ya Mungu."

Kwa mbali sikuyasikia maneno hayo, nilisimuliwa baadaye. Niliuona mkono tu, nikafurahi, kama nilivyokuwa nikifurahia kila mkono ulioinuliwa darasani.

Skramu ile ilianguka mara tu iliposukumwa. Kipenga kililia upesi, lakini hakikuwahi. Wenzako walipokimbilia kukubeba, Omondi alipiga magoti kwenye tope, akakishika kichwa chako kwa mikono yake miwili, akapaza sauti, "Asiguswe! Asiguswe na mtu!" Hakusogea mpaka ambulensi ilipokuja. Ulinitazama ukaniuliza, "Baba, miguu yangu imekaaje?" Nikakujibu kwamba imenyooka. Neno hilo lilikuwa kweli, na sikuwa na jingine la kweli ambalo ningeweza kukuambia. Mvua za msimu ule zilikuwa hazijaisha tulipokuzika.

Tangu siku ile Omondi hakuchezesha tena. Mwezi uliopita alipiga hodi mlangoni kwetu.

"Shikamoo, Mwalimu."

Niliitikia, kwa kuwa salamu haina kosa.

"Vijana wananitaka nirudi uwanjani," alisema. "Lakini siwezi kushika kipenga kabla wewe hujasema neno."

Mamako alijibu kutoka jikoni, bila kujitokeza: "Mwambie alichotuletea kinatosha!"

Omondi aliinamisha kichwa. Wewe wanijua, simwondolei mtu lawama yake kwa sababu tu ana huzuni.

"Siku ile ulimwuliza nani?" nikasema.

"Nilimwuliza Karisa."

"Ni kijana gani anayezomewa mbele ya wenzake atakayesema kwamba hajui?"

Nikamwongezea swali jingine.

"Shingo yake hukuiona?"

"Niliiona, Mwalimu. Niliiona, kisha nikaamini mdomo wake."

Karisa, nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu huyu mpaka nife. Lakini niliitazama ile mikono iliyokishika kichwa chako, nikashindwa kumfukuza.

"Basi rudi," nikamwambia. "Ila usimwulize mchezaji tena. Mwulize kocha, kabla mchezo haujaanza, awataje waliofundishwa, nawe uwatazame mmoja mmoja. Asiyetajwa asiingie, hata akiapa."

Mamako aliingia chumbani, akafunga mlango. Hadi leo hatujalizungumza jambo hilo, na simlaumu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kuutazama mchezo wa kwanza wa Omondi, wenu na timu ya Kisauni. Mchezaji wa safu ya mbele wa Kisauni aliumia bega, na kijana mmoja mwembamba akajitokeza kuchukua nafasi yake. Aliapa, akabembeleza, akakasirika. Omondi alitikisa kichwa, akatangaza kwamba skramu hazitasukumwa tena. Alizomewa vibaya sana. "Kacheze bao na wazee wenzako!" mmoja akampigia kelele. Alisimama palepale, kipenga kikiwa mdomoni, mpaka kelele zikapungua.

Mchezo ulipokwisha, kijana yule alipita karibu nami pamoja na baba yake, miguu imejaa tope.

"Refa yule ameniharibia siku yangu," alikuwa akilalamika.

"Twende bwana," baba yake akamjibu. "Mamako ameshapakua, na wajua asivyopenda kungojeshwa."

Niliwatazama mpaka wakapotea njiani. Baba yule hajui kabisa alichopewa. Nilitamani kumkimbilia nimwambie. Kisha nikaona ni heri asijue kamwe, aende tu nyumbani akale na mwanawe.

Nakuaga hapa, mwanangu, macho yamechoka.

Ni mimi,
Baba yako