Nira, jina la mama yako

Mjukuu wangu Asha,

Anayekuandikia ni fundi ambaye wabunge walikataa kuketi wakiwa wamevaa suruali alizoshona, wasije wakaharibu pasi. Shule niliishia darasa la tano, lakini cherehani yenyewe ilisalimu amri kwangu. Hatujambo hapa. Bibi yako amepona goti na ameanza tena kunifokea.

Umeuliza jina Nira, unalotaka kumpa binti yako mchanga, lina maana gani, na mbona halisikiki. Vitambaa vilipoanza kujaa tena madukani, nilikuwa nikishona barazani kwa mama mmoja wa Kihindi. Mama yako alipozaliwa, Mhindi huyo akaniambia, "Fundi, mwite Nira. Kwa Kisanskriti ni maji. Hata kwetu wachache wanalo."

Maji, kwa Dodoma hii! Nikalipenda papo hapo.

Kaka wa bibi yako, mkulima wa Kibakwe, alicheka hadi akakaa chini. "Nira? Shemeji, umemwita mtoto ule mti tunaowafunga ng'ombe shingoni wakilima?"

"Hiyo ni yako ya kulimia," nikamjibu. "Yangu ni ya kunywa."

Sikurudi nyuma, na leo sirudi. Mpe binti yako.

Ila kwanza mpigie bibi yako. Alikuwa amemwahidi mama yake, Zuhura, kwamba mtoto huyo, yaani mama yako, atapewa jina lake. Nililijua hilo, nikaenda kuandikisha cheti peke yangu, yeye bado kitandani baada ya kujifungua. Hadi leo hajamwita mama yako Nira. Humwita "mwanangu" tu, nami sijawahi kumwomba radhi.