Kikohozi Changu na Bibi Afya

Jumatatu, 3 Machi

Kapiga deki tena na ile dawa yake ya sakafu! Nyumba nzima inanuka hospitali. Nimekohoa mpaka machozi, cherehani ikasimama, uzi ukakatika. Naye kasimama mlangoni na ndoo, eti, "Pole, Mama." Pole ya nini? Aache kumwaga sumu yake, hiyo ndiyo pole ninayoitaka.

Huyu mke wa mwanangu nimeshampa jina: Bibi Afya. Tangu wahamie kwangu mwaka jana, paa lao lilipobomoka, hakuna ninachofanya kikawa sawa. Soda ya saa kumi — mbaya. Kushona bila kula mchana — mbaya. Kubana mkojo nimalizie upindo — mbaya sana, figo! Kukaa nimeinama — mgongo. Yote kayasikia redioni, anakuja kunimwagia mimi. Leo kahamia kwenye pini. Nipo nabana kiuno cha gauni la mteja, anapita na kikapu cha nguo, anasema nitoe pini mdomoni, ipo siku nitameza. Mbele ya mteja! Nikamjibu pini zikiwa humo humo, maana midomo yangu inaijua kazi yake: nimeanza kushika hivi wewe hujazaliwa. Mkono mmoja unavuta kitambaa, wa pili unachoma. Hizo nyingine nizishike na nini, masikio?

 Kanitazama kwa ile namna yake ya kunionea huruma. Simpendi. Hapa hakuna anayesoma, basi naandika tena: simpendi.

Jumanne, 4 Machi

Kopo la sukari limepanda juu ya kabati. Eti nipunguze. Nimepanda stuli, nimelishusha, nimekoroga chai mbele yake, kijiko baada ya kijiko, namkazia macho. Chai ikawa haifai hata kunyweka. Nimeinywa yote.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu ya leo! Mwalimu mkuu wa kike kaja kujaribu suti yake. Nimepiga magoti kwenye upindo wa sketi, kikohozi kikanivaa ghafla — pini zikaruka zote sakafuni, moja ikaingia kwenye kiatu chake. Karuka huyo! Kasema kifua changu kinataka daktari. Nikamwambia kinataka mtu ahame. Akacheka, kadhani namtania.

Jioni Bibi Afya kaniletea kimto cha pini kakishona mwenyewe, cha kufunga mkononi kama saa. Mshono umepinda, pamba inachungulia. Nimesema asante. Kisha nimekisokomeza chini ya mguu wa meza, ule uliokuwa unacheza. Meza imetulia sasa. Bila shaka kakiona alipokuja kufagia, maana alifagia pande zote akaruka pale.

Ijumaa, 7 Machi

Afadhali kuna Fundi Viatu hapo barazani kwangu. Yeye anashika misumari mdomoni kama mimi ninavyoshika pini, basi tunaongea kutwa kwa meno yaliyofungwa, wateja hawaambulii kitu. Kasema kikohozi changu siku hizi kina mlio, kama filimbi. Nikamwambia filimbi hiyo inapulizwa na ndoo ya Bibi Afya. Kacheka mpaka msumari ukamtoka. Angalau nina mtu mmoja upande wangu.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimemtolea uvivu mwanangu. Baada ya chakula cha mchana, mkewe akiwa uani anafua. Nimemwambia wazi: ile dawa ya sakafu inaniua. Kabla hamjaja nilikuwa mzima. Sasa silali, sishoni, mbavu zinauma. Kasema, "Mama, labda ni vumbi la vitambaa." Vumbi! Nimekula vumbi la vitambaa miaka yote, ndilo lililomsomesha! Nikamwambia achague: kifua cha mama yake au ndoo ya mkewe.

Akabaki anakata kucha kwa meno. Tabia hiyo anayo tangu utotoni, na Bibi Afya kashindwa kumwachisha — nyoo! Kisha akasema, "Basi tutatafuta pa kwenda."

Nilikuwa chumbani niliposikia wanaongea uani. Yeye Bibi Afya anauliza: "Kwa hiyo mimi ndiye ninayemuua mama yako?"  Nikasikia maji ya kusuuzia yanamwagwa.

Sikumhurumia. Nimeshinda.

Jumatano, 12 Machi

Tangu juzi anadeki kwa maji matupu. Chupa ya dawa kaifungia kabatini. Anataka kunionyesha, eti tazama, siitumii tena. Kikohozi kiko pale pale. Leo asubuhi nusura nitapike.

Mjinga atasema basi si dawa. Mimi nasema imeshanyonywa na saruji. Miezi yote hiyo! Sakafu imelewa, itaendelea kutoa harufu mpaka lini sijui. Nimemweleza hivyo Fundi Viatu. Kakubali, lakini kachelewa kidogo kukubali. Nimemwona.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda kununua uzi. Mwenye duka, mwanamke wa mdomo mrefu, kanipa uzi huku ananichunguza. "Nasikia unawatoa watoto nyumbani." Nani kasema? Eti watu wanasema. Eti mama mkwe kazidi, binti wa watu anafua, anapika, anapiga deki, na bado. Nikaacha uzi palepale kaunta. Nitashona na nyuzi za rangi nilizonazo, wateja wavumilie!

Yaani mimi ndiye mkorofi. Mimi, ninayekohoa!

Jumatatu, 17 Machi

Mwanangu kapata vyumba viwili upande ule wa soko. Wanahama Jumamosi. Kanieleza akiwa anatazama dirishani.

Halafu Bibi Afya kaja na lake. Kasema kabla hawajaondoka anataka anipeleke hospitali, hawezi kuniacha peke yangu na kifua hiki. Nikataka kumtimua. Kisha akili ikanijia. Twende! Daktari aandike kwa mkono wake kwamba ni dawa ya sakafu. Karatasi hiyo nitaipeleka mwenyewe dukani kwa yule mdomo mrefu, niibandike pale kwenye nyuzi. Hakuna atakayesema tena kwamba nimefukuza watu bila sababu.

Nimemwambia sawa. Kafurahi, masikini. Hajui anajipeleka mwenyewe kizimbani.

Jumatano, 19 Machi

Sijui nianzie wapi. 

Daktari mwenyewe kijana, ndevu bado hazijaamua ziote wapi. Kaniuliza kama navuta sigara. Nikatoa chupa ya dawa kwenye pochi — niliichukua kabatini mapema — nikaigonga mezani: huyu hapa muuaji! Bibi Afya kainamisha kichwa. Daktari kaifungua, kanusa, kasoma maandishi, karudisha kifuniko. Kasema hata hapo kwao wanadekia hiyo hiyo. Kasikiliza kifua, kasikiliza mgongo, karudia upande wa kulia, karudia tena. Kasema twende eksirei.

Mpiga picha akatoka na kunung'unika: mama, una pini kwenye nguo, umeharibu picha. Kweli, kwenye kola huwa hazikosi. Nikavua kila kitu, nikapewa gauni lao. Linafungwa nyuma, pindo halijamaliziwa hata! Nikasimama tena kwenye ile mashine ya baridi. Picha ya pili. Safari hii mpiga picha hakunung'unika. Kaniambia nikasubiri kwa daktari, kwa upole. Upole ule ndio ulionitisha.

Daktari kaiweka picha kwenye ubao wa taa. Mbavu zangu hizo. Moyo wangu huo. Na pini. Imelala mshazari, ina kichwa chake cha duara, pini yangu kabisa, ningeitambua popote.

Nikasema mashine mbovu. Nikasema imebaki kwenye gauni lenu, mnashona hovyo hovyo, mnaacha pini ndani. Yule kijana hakukasirika. Kasema, "Mama, imo ndani. Kwenye njia ya hewa, pafu la kulia. Imekaa muda." Kisha kauliza kama nina tabia ya kushika pini mdomoni.



Nikamgeukia Bibi Afya. Sema! Si ulisema? Si ulisema mbele ya mteja wangu? Majibu ninayo, nimeyapanga, leta! Yeye anatazama viatu vyake. Nikamjibu daktari mimi mwenyewe: mara moja moja.

Kauliza kikohozi kilianza lini. Ulimi ulishakuwa tayari kusema tangu hawa wahamie. Lakini nikaikumbuka siku ile ya sare za shule, meza imejaa kaptura, Fundi Viatu akanisimulia yule mteja aliyeletewa viatu viwili vyote vya kushoto akavivaa hivyo hivyo mpaka kazini. Nilicheka na pini mdomoni. Nikapaliwa, nikakohoa mpaka wakanimwagia maji kichwani. Baadaye nikatulia, nikadhani ni mate. Paa la mwanangu wakati ule lilikuwa zima bado.

"Sikumbuki," nikamwambia.

Kasema lazima itolewe, kwa mpira mwembamba wa kupitishia kooni, hospitali kubwa, Jumanne ijayo. Si ya kuchelewesha, inaweza kuozesha pafu. Kaandika. Bibi Afya ndiye aliyepokea karatasi.

Njiani kanibebea pochi. Njia nzima! Tulipofika kwenye geti ndipo akasema, "Mama, mumeo... samahani, mwanao utamwambia mwenyewe. Mimi sisemi." Kababaika mpaka maneno yakamgongana. Akaingia kuwasha jiko.

Bora angenicheka. Angenicheka ningempa vidonge vyake, tukaendelea. Sasa hasira hii niipeleke wapi?

Alhamisi, 20 Machi

Mwanangu kauliza daktari kasemaje. Nikasema kifua. Kifua tu? Kifua. Akamtazama mkewe. Mkewe anaosha masufuria, anasugua sufuria ambalo lilishatakata.

"Ni ile dawa?" kauliza tena.

Nikaanza kukohoa. Sikujilazimisha, kilikuja chenyewe. Kaniletea maji, kasema basi Mama, usijali, Jumamosi tunaondoka. Nikanywa maji.

Picha ya eksirei nimeificha nyuma ya majora ya kitambaa.

Barazani nimemwamuru Fundi Viatu ateme misumari. Kauliza kwa nini. Toa tu! Katema yote mkononi, kabaki ananitumbulia macho, hajawahi kuniona hivyo. Baada ya kitambo nikamsikia anaongea na mteja kwa sauti iliyonyooka. Sauti yenyewe mbaya.

Jumamosi, 22 Machi

Gari limekuja mapema. Kitanda kimeshatoka. Kabati limekwama mlangoni, wamelipiga na kulisukuma, sasa nalo limetoka. Mwanangu anatoa amri kwa sauti ya juu, ile sauti yake ya kuficha kilio, ninaijua. Majirani wamesimama wanatazama, na yule mdomo mrefu wa dukani yumo, kafunga duka kabisa!

Mimi nipo kwenye meza yangu. Nina suti ya mwalimu mkuu ya kumaliza. Kazi ni kazi.

Bibi Afya kaingia kuniaga. Kasema Jumanne alfajiri atakuja kunichukua, kashaongea na watu wa hospitali, nisile kitu chochote usiku wake. Kasema chakula cha leo kiko jikoni, kafunika. Sukari kaishusha, iko mezani. Hivyo tu.  Alivyoinua mkoba wake nikamwona macho mekundu.

Nilitaka... basi. Katoka.

Sasa kaingia mwanangu. Kasema kila kitu kimepakiwa. Kasimama hapo, anatafuna kucha. "Mama, tunaondoka hivi. Kuna neno unataka kuniambia?"

Na mdomo wangu umejaa pini! Sijui nimezitia saa ngapi. Mungu wangu, na baada ya yote! Nimemwonyesha kwa kidole: ngoja. Kavuta kiti cha wateja, kakaa. Anangoja. Nimevuta daftari hili nionekane naandika vipimo.

Dereva anapiga honi. Bibi Afya nje anamwambia asipige, Mama anaumwa.

Mwanangu hajainuka. Picha iko hapa nyuma yangu, nikinyoosha mkono naifikia. Natoa pini moja moja, naziweka mezani. Bado chache